Lagestromia gani ya kuaminika kwa ua wa Nyali?

Swali: Asalaam aleikum, mtaalamu. Nyumba yetu iko Nyali, si mbele ya bahari lakini si mbali nayo. Upepo wa chumvi tunauonja. Mwanangu anayeishi Houston hunitumia picha za miti iliyopandwa kando ya barabara za huko, imejaa maua meupe, ya waridi na mekundu, na mashina yake ni laini yanang'aa. Ameniambia ni lagestromia, akanitajia aina tatu: Natchez, Dynamite na Carolina Beauty. Akija Desemba anataka kuniletea vijiti kwenye begi. Mimi ninao mmoja niliouziwa kitaluni kwa jina la Pride of India, nikaupanda karibu na ukuta, chini ya mwembe. Huu ni mwaka wa pili, haujatoa hata ua moja, na majani yake kama yamenyunyiziwa unga wa ngano. Maji tunayomwagilia ni ya kisima. Nipande aina gani ambayo haitaniaibisha? – Mama Rukia, Nyali.

Jibu: Waalaikum salaam, Mama Rukia. Nianze na begi, maana Desemba haiko mbali. Tafadhali mwambie mwanao asilete vijiti hivyo.

Mwaka 2004, karibu na Dallas, hukohuko Texas, ndipo ilipoonekana kwa mara ya kwanza Marekani aina ya vidugamba kutoka Asia wanaopenda lagestromia. Hujibanza kwenye maungio ya matawi na mahali palipokatwa, weupe, wamejifunika sufi. Ukimminya mmoja kwa ukucha anatoa majimaji ya waridi. Wanafyonza utomvu na kudondosha umajimaji mtamu, na juu ya utamu huo huota masizi meusi yanayochafua shina zima. Tangu hapo wameenea majimbo mengi ya kusini mwa Marekani. Kijiti chenye urefu wa kidole kinatosha kuwabeba, na ubaya ni kwamba hawaishii kwenye lagestromia: wamepatikana kwenye mkomamanga pia. Lagestromia, mkomamanga na mhina wetu ni miti ya ukoo mmoja. Mtaa wenye mikomamanga na mihina nyuma ya nyumba si mahali pa kujaribu bahati.

Kisha kuna sheria. KEPHIS, wanaosimamia afya ya mimea nchini, wanataka kibali cha kuingiza mmea kitolewe kabla mmea haujaondoka kule, uje na cheti cha afya kutoka nchi unakotoka, na usije na udongo. Kijiti kilichofichwa ndani ya soksi hakina kimoja wala kingine. Mtu anayetaka aina ya Marekani kwa njia ya halali anaweza kuipata, lakini afuate mlango huo.

Sasa hayo majina matatu. Natchez ni mti mkubwa wa maua meupe, unafika mita 9, na gome lake likibanduka linaacha shina lenye rangi ya mdalasini. Huenda ndio huo unaoung'ang'ania kwenye picha. Ni chotara, na uchotara wake ndio siri yake. Mwaka 1956 John Creech alikusanya mbegu za lagestromia ya mwituni katika kisiwa cha Yakushima, Japani, inayoitwa kitaalamu Lagerstroemia fauriei. Miche iliyotoka kwenye mbegu zile ilionekana haishikwi na ugonjwa wa unga mweupe. Donald Egolf, wa bustani ya taifa ya miti iliyoko Washington, akaichanganya na lagestromia ya kawaida ya bustanini, Lagerstroemia indica, na mwaka 1978 zikatoka Natchez na Muskogee. Baadaye zikafuata Tuscarora, Acoma, Tonto na nyingine nyingi, zote zikipewa majina ya makabila asilia ya Marekani. Ukikuta jina la namna hiyo kwenye kibandiko cha mche, mara nyingi maana yake ni kwamba ina damu ya Yakushima ndani yake.

Dynamite ni hadithi nyingine. Ni indica tupu, kazi ya Carl Whitcomb wa Oklahoma, na wekundu wake ni wekundu kwelikweli, jambo ambalo chotara za kwanza zilishindwa kulipata. Kwa unga mweupe haiko vibaya. Siku za mawingu maua yake hufunguka yakiwa na vidoa vyeupe, na wako wanaodhani mti unaumwa, kumbe ni tabia yake. Carolina Beauty isahau. Ni nyekundu ya zamani inayojulikana kwa kuugua: unga inaupata, madoa ya majani inayapata, na Mombasa ingeyapata yote mawili kwa mwaka mmoja.

Ukisoma vitabu vya Wamarekani utaona wanazisifu aina hizi kwa kitu ambacho wewe hukihitaji kabisa, yaani kustahimili baridi kali. Sehemu kubwa ya juhudi zao ilikuwa kupata mti usiokufa wakati wa theluji. Usiku wa baridi kabisa hapa kwetu, Julai au Agosti, ni nyuzi 20 hivi. Kwa hiyo sifa ya baridi ifute. Kutoka kwenye vitabu vyao chukua habari za ukubwa, rangi na magonjwa tu. Mengine yote utayapata kwa kutembea mitaa ya Mombasa ukiwa na macho.

Katika magonjwa, wenzetu huko wanahangaika sana na unga mweupe. Sisi tuogope zaidi madoa ya majani, ugonjwa wa kuvu unaopenda joto na mvua pamoja, na masika ya Mombasa yanampa yote mawili bila kipimo. Huanzia majani ya chini: vidoa vya kahawia, kisha jani linageuka manjano au jekundu, linaanguka, na ifikapo Juni mti umebaki na majani kileleni tu. Hauuawi na ugonjwa huo, ila unapoteza sura na maua yanapungua. Tuscarora, yenye maua ya waridi iliyokolea, na Tonto, ya rangi inayokaribia wekundu, zina sifa nzuri mbele ya madoa na mbele ya unga. Ukiniuliza aina moja ya Marekani ningeipigania kwa ua wa Nyali, ni Tonto. Inaishia karibu mita 3, haifiki kwenye nyaya za umeme, na haimlazimishi mtu kupanda ngazi kila mwaka na panga. Natchez kwenye kiwanja kidogo ni ugomvi na jirani unaosubiri tarehe.

Lakini huna haja ya kungoja mche wa kutoka nje. Kwenye vitalu vya kando ya barabara, miche mara nyingi huuzwa kwa rangi ya ua, si kwa jina la aina, na hilo jina Pride of India hubeba miti miwili tofauti. Mmoja ni indica: kichaka au mti mdogo, jani dogo lisilozidi urefu wa kidole, ua lenye petali zilizokunjamana na vikonyo vyembamba. Mwingine ni Lagerstroemia speciosa, mti kamili wa kivuli, jani lake likifika sentimita 20, na ua moja moja lina upana wa sentimita 5 hadi 7, la zambarau au waridi. Kama mche bado mdogo na hauna ua, pima jani. Kama una vitumba, viangalie kwa karibu: kitumba cha speciosa kina mifereji iliyochongeka kutoka juu hadi chini, na ukipitisha kidole utahisi manyoya laini ya rangi ya kutu. Cha indica ni laini. Muuzaji hatakukatalia kukigusa.

Kwa Mombasa, speciosa ndio mti ninaouamini kuliko wote kama una nafasi. Ndio ua la jimbo la Maharashtra kule India, na majirani wako wenye asili ya huko wanaweza kuujua kwa jina la tamhan au jarul. Pwani ya Maharashtra ina joto, ina unyevu, ina mvua kubwa za msimu na kiangazi kirefu katikati, kwa hiyo masika yetu hayaushtui. Ugonjwa wa unga haumsumbui mwenye speciosa kama unavyomsumbua mwenye indica. Hasara yake ni mbili. Gome lake ni la kijivu, linabanduka vipande vipande, halina ule mng'ao uliokupendeza kwenye picha. Na ni mkubwa: unaweza kupita mita 15, kwa hiyo uwe mita 6 kutoka ukuta wa nyumba, tangi la maji na shimo la choo. Kiangazi unaweza kupukutisha majani yakiwa mekundu. Usikimbilie kuumwagilia kwa hofu.

Kama nafasi hiyo huna, basi ni indica, na hapa shauri langu ni moja. Usinunue mche, nunua mti mama. Zunguka Nyali, ingia Kongowea, vuka hadi Tudor, mpaka Bamburi ukipenda, na utazame lagestromia zilizochanua kwenye nyua za watu. Nenda mara mbili: mara ya kwanza wakati wa maua, mara ya pili Juni au Julai, masika yanapomalizika. Ule uliochanua vizuri na ambao Julai bado una majani safi mpaka chini, huo ndio aina ya uhakika, hata kama mwenyewe hajui jina lake. Umekwisha kufanyiwa mtihani hapahapa, kwenye chumvi yetu na mawe yetu, kwa miaka ambayo hakuna kitalu kingeweza kukulipia. Bisha hodi, jitambulishe, omba vijiti. Sijaona Mswahili anayemnyima jirani kijiti cha ua.

Vijiti vikatwe kutoka tawi lililokomaa la mwaka huu, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20. Ondoa majani ya chini, chomeka theluthi mbili kwenye mfuko wenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji, weka kivulini, udongo uwe na unyevu usiolowa. Ndani ya wiki chache vinatoa mizizi. Usiotesha mbegu ukitegemea kupata mti uleule. Mbegu hutoa watoto wa kila sura, na wenye kuugua wamo.

Sasa ardhi, na hapa naomba uniwie radhi nikikaa kidogo, kwa kuwa lagestromia nyingi za Nyali ninazoitwa kuzitazama zinasingiziwa aina mbaya wakati kosa liko chini. Kisiwa na kingo zake vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Matumbawe ni chokaa. Lagestromia inapenda udongo wenye uchachu kidogo, na kwenye chokaa haiwezi kuvuta madini ya chuma hata kama yapo. Utaona majani machanga yanatoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hapo watu humwaga samadi, kisha mbolea ya dukani, na manjano inazidi. Kilichofanya hata machimbo ya Bamburi yageuke msitu, kazi aliyoianza René Haller mwaka 1971, kilikuwa ni kutengeneza udongo kwanza: alipanda mvinje, mti unaovumilia jiwe tupu, na majongoo wakazigeuza sindano zake zilizoanguka kuwa mboji. Hiyo ilichukua miaka. Kwenye ua wako utalazimika kuharakisha.

Chimba shimo la mita moja kwa upana na sentimita 60 kwenda chini. Ukikutana na mwamba, na utakutana nao, tumia mtaimbo kuupasua mpaka maji yapite, kwa sababu shimo lililochongwa ndani ya jiwe bila kupasuliwa hugeuka beseni wakati wa masika. Kifusi cha matumbawe usikirudishe. Jaza udongo mwekundu, ule unaoletwa na malori kutoka bara, changanya debe moja la mboji iliyoiva kwa kila madebe matatu ya udongo, na uinue kitako cha mti sentimita 20 juu ya usawa wa ua. Usitie majivu ya jikoni, maana yanaongeza hali ileile ya chokaa unayoikimbia, na usipande palipomwagwa mabaki ya simiti wakati wa kujenga. Juu tandaza makumbi ya nazi au majani makavu, mbali kidogo na shina. Makumbi yawe ya nchi kavu. Yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya usumba yana chumvi, yaoshe mvua mbili tatu kwanza. Majani machanga yakiendelea kuwa manjano, tafuta chuma cha aina ya EDDHA, ambacho hakizimwi na chokaa, ukimwage kwenye mizizi. Ni ghali, lakini kiasi kidogo kinatosha.

Maji ya kisima chako yaonje. Kama ulimi unahisi chumvi, mti unaihisi zaidi, na dalili yake ni ncha na kingo za majani kuungua kahawia wakati katikati jani ni zima. Lagestromia haivumilii chumvi kama bogamvilia. Ukiwa na paa la mabati, weka tangi la mvua na umwagilie mti kwa hayo katika mwaka wake wa kwanza. Ukishindwa, mwagilia mara chache kwa maji mengi, chumvi ishuke chini ya mizizi, kuliko kikombe kimoja kila jioni kinachoiacha juu. Na maji hayo usiyanyunyize kwenye majani.

Upepo nao una zamu zake. Kusi na kaskazi zote mbili kwa Nyali zinatoka baharini, ila kusi ndio wenye nguvu na ndio unaoleta vumbi la chumvi katikati ya mwaka. Panda upande wa nyumba usiotazama bahari, palipo wazi kwa jua. Kwa upande unaotazama bahari nisingepoteza lagestromia hata moja. Weka msanapichi au bogamvilia, ziwe ngao ya hiyo iliyo nyuma.

Kupogoa ni jambo fupi. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo mwishoni mwa kiangazi, kabla masika hayajaanza, toa matawi makavu, yanayosuguana na yanayoota kuelekea ndani. Usikate vichwa vyote kwa panga kama anavyopenda kijana wa bustani; hapo hutoka fimbo nyembamba zinazoinama kwa uzito wa maua, na shina linabaki na vinundu vya milele. Mashada yaliyokauka yakate kabla hayajatoa mbegu, mara nyingi mti hurudia kuchanua. Mbolea ya naitrojeni usizidishe. Utapata majani mengi, vidukari wengi, maua machache.

Nimalizie kwa ule wako ulio chini ya mwembe. Unga huo mweupe karibu unaniambia wenyewe kwamba uliuziwa indica. Usiung'oe bado, kwa sababu sidhani ni mti mbovu. Kuvu wa unga hasubiri maji juu ya jani. Anataka kivuli, hewa iliyotulia yenye unyevu, na usiku uliopoa kidogo. Umempa vyote kwa kuuweka baina ya ukuta na mwembe. Na maua haujatoa kwa sababu indica inadai saa sita za jua kamili au zaidi kila siku, na hapo sidhani inapata hata tatu. Ningekuwa mimi, mvua za kwanza zikianguka ningepunguza matawi yake kwa theluthi, nikauzungushia mfereji, nikauchimbua na bonge lake la udongo na kuuhamishia juani kwenye shimo nililolieleza. Lagestromia huvumilia kuhamishwa vizuri kuliko miti mingi. Kwa majani yaliyokwisha kushikwa, dawa ya salfa hufaa ikipulizwa jioni, lakini si Februari na Machi, maana joto likipita nyuzi 32 inaunguza majani, wala isipulizwe ndani ya wiki mbili za kutumia mafuta ya mwarobaini.

Upe msimu mmoja mzima wa jua. Ukichanua, umeokoa pesa na umepata aina uliyokwisha kuizoea. Unga ukirudi vilevile na hali umo juani na upepo unapita, hapo ung'oe bila huruma, uuchome, na shimo lake ulitie kijiti cha jirani.